Ishirini na Nne: Nane Mara Tatu

Waheshimiwa wazee wetu, masheikh, walimu, mama zetu, na nyinyi vijana wa shule na wa madrasa mlioacha mpira wa jioni ufuoni ili msikilize hisabati: assalaam alaykum, na hamjambo nyote.

Namba iliyotukutanisha hapa Malindi leo ni 24. Sikuja kusema ina baraka wala nuksi. Hayo yana wenyewe. Dai langu ni moja. Karibu kila jambo la ajabu mtakalolisikia juu ya 24 linatokana na umbile lake: 2 × 2 × 2 × 3, yaani nane mara tatu. Mbili zimo tatu, na tatu imo moja tu. Shikeni hilo, kwa sababu nitalirudia hadi mnichoke.

Vigawo vya 24 ni vinane: 1, 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Jirani yake 25 ana vitatu tu, na 23 ana viwili. Kuna jambo jingine ambalo ni la 24 peke yake. Kipeuo chake cha pili ni 4 na kitu, hakifiki 5, na namba zote kuanzia 1 hadi 4 zinaigawa bila baki. Hakuna namba kubwa kuliko 24 yenye sifa hiyo, na sababu yake hailazimu kutafuta kwa kubahatisha. Kuanzia 25 hadi 48, kipeuo kimeshafika 5, kwa hiyo namba ingetakiwa igawanyike kwa 1, 2, 3, 4 na 5 zote. Kigawe kidogo cha shirika cha hizo ni 60, na 60 haimo kati ya 25 na 48. Ukifika 49, 7 nayo inadai haki yake, kigawe kinaruka hadi 420, na kutoka hapo hakikamatiki tena.

Wanafunzi, kabla hatujaendelea, tusawazishe kosa moja ambalo hata watu wazima hulifanya. Mtu akitaka kujua kama namba inagawanyika kwa 24, hujaribu 4, kisha 6, kwa kuwa 4 × 6 ni 24. Hiyo si njia. Chukueni 8,364. Kwa 4 inagawanyika, kwa 6 inagawanyika, lakini kwa 24 inakataa: inabaki 12. Sababu ni kwamba 4 na 6 zina 2 moja ya shirika, hivyo ukizijaribu zote mbili umeihesabu ile 2 mara mbili, na 2 ya tatu hukuithibitisha kabisa. Njia sahihi ni kujaribu 8 na 3, kwa sababu hazishirikiani chochote. Kwa 3, jumlisha tarakimu zote. Kwa 8, tazama tarakimu tatu za mwisho peke yake. Namba 7,512: tarakimu zake jumla ni 15, sawa; 512 ni 8 × 64, sawa; basi inagawanyika, na jawabu ni 313.

Sasa tuje kwenye mirathi, kwa maana huko ndiko 24 inakofanya kazi nzito zaidi katika mwambao huu, na ndiko inakokosewa zaidi.

Kurani imetaja mafungu sita ya warithi: nusu, robo, thumni (moja ya nane), thuluthi mbili, thuluthi na sudusi (moja ya sita). Tazameni asili zake: 2, 4, 8 upande mmoja, 3 na 6 upande wa pili. Nane ndiyo mwisho wa mbili, na tatu haijirudii. Kigawe kidogo cha shirika cha zote ni 8 × 3, umbile lile lile la mwanzo. Ndiyo maana wanavyuoni wa faraidhi, elimu ya mirathi, wanataja asili saba za masala, yaani idadi ya mafungu ambayo mali hukatwa: 2, 3, 4, 6, 8, 12 na 24. Zote ni vigawo vya 24, na 24 ndiyo kubwa kupita zote. Huingia pale thumni ya mke inapokutana na sudusi au thuluthi mbili.

Tufanye hesabu kamili. Marehemu ameacha mke, baba, mama na mtoto mmoja wa kiume. Kabla ya kugawa hata shilingi, hutangulia gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi thuluthi ya kilichobaki. Tuseme baada ya hayo yote kuna shilingi 1,080,000. Mke ana thumni, yaani mafungu 3 kati ya 24. Baba ana sudusi, mafungu 4. Mama vilevile, 4. Jumla 11. Yaliyobaki, 13, ni ya mtoto wa kiume kwa uasaba, yaani haki ya kuchukua kilichobaki. Fungu moja ni 1,080,000 kugawanya kwa 24, sawa na 45,000. Mke 135,000, baba 180,000, mama 180,000, mwana 585,000. Jumlisheni, zinarudi 1,080,000 kamili. Msiache kujumlisha. Ugomvi mwingi wa mirathi ungekufa mapema kama mtu angejumlisha tu mafungu kabla ya kuyasoma mbele ya familia.

Badilisheni kitu kimoja: pahala pa mtoto wa kiume pana mabinti wawili. Mabinti wawili wana thuluthi mbili, yaani 16. Mke 3, baba 4, mama 4, mabinti 16. Jumla 27. Mafungu yamezidi chombo! Hii ndiyo masala maarufu kwa jina la Mimbariya, kwa kuwa inasimuliwa kwamba Sayyidna Ali aliulizwa akiwa juu ya mimbari, naye akajibu papo hapo kuwa thumni ya mke imekuwa tusui, sehemu moja ya tisa. Dawa yake kwa Sunni ni auli: asili inapandishwa kutoka 24 hadi 27, kila mtu anabaki na idadi ile ile ya mafungu, lakini fungu lenyewe linapungua. Kwa mali ile ile, fungu sasa ni 40,000. Mke anapata 120,000, baba 160,000, mama 160,000, na mabinti 640,000, kila mmoja 320,000. Na 3 juu ya 27 ni 1 juu ya 9, kama alivyosema.

Kosa linalotokea hapa ni kuwalipa kwanza mke na wazazi kwa asili ya 24, kisha kuwaambia mabinti wachukue kilichobaki, mafungu 13. Kwa hesabu ya Sunni hiyo ni dhuluma, kwa sababu upungufu wote umeangukia upande mmoja, na auli maana yake ni kila mtu apungukiwe kwa kadiri ya fungu lake. Niseme pia, ili msije mkabishana bure na majirani: Shia Ithnaashari hawaikubali auli, na kwao upungufu katika masala hii kweli unawaangukia mabinti. Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, naye alikuwa na rai ya kuikataa auli. Kwa hiyo kwanza ulizeni familia ni ya madhehebu gani, ndipo mshike kalamu.

Kwa uzuri wa hesabu, tazameni jinsi asili zinavyopanda. Sita huweza kupanda hadi 7, 8, 9 au 10. Kumi na mbili hupanda hadi 13, 15 au 17. Ishirini na nne hupanda mara moja tu, hadi 27, basi.

Kuna mahali ambapo 24 inashindwa kabisa, napo ni pale inapotakiwa 5 au 7 ambayo haimo ndani yake. Mke, wana wawili wa kiume na binti mmoja: mke ana thumni, na saba juu ya nane zilizobaki zinagawanywa kwa watu wanaohesabiwa kama vichwa 5, kila mwana viwili na binti kimoja. Kwa asili ya 24 mke ana 3, na 21 haigawanyiki kwa 5. Hapo usianze kukata desimali. Rudi kwenye asili ya 8, ambapo mke ana 1 na watoto 7, kisha uzidishe kwa 5: asili inakuwa 40, mke 5, kila mwana 14, binti 7. Ndiyo inayoitwa kusahihisha masala. Na hata 3 yenyewe huweza kupelea, kwa kuwa imo moja tu. Mke, mama, mwana na binti: mke 3, mama 4, zinabaki 17, na vichwa ni 3. Zidisha 24 kwa 3 upate 72: mke 9, mama 12, mwana 34, binti 17. Anayekadiria badala ya kusahihisha huishia na shilingi chache zisizo na mwenyewe, na hizo chache ndizo zinazozua maneno.

Kwa masonara, 24 ni karati. Dhahabu safi ni 24 kati ya 24. Karati 18 ni robo tatu, ndiyo maana imepigwa muhuri wa 750. Karati 21 ni 875. Bangili ya gramu 16 ya karati 21 ina dhahabu safi gramu 14. Angalizo ni moja: ukiyeyusha gramu 10 za karati 22 pamoja na gramu 30 za karati 18, hupati karati 20. Unapata 19, kwa kuwa 10 × 22 ni 220, 30 × 18 ni 540, jumla 760, kwa gramu 40. Wastani wa kati unafaa tu uzito ukiwa sawa.

Na saa, kwa ufupi. Tikiti ya ndege imeandikwa 05:00. Watu huongeza 6, wanapata 11, na uso wa saa unawaunga mkono, maana kwenye saa ya 12 kuongeza 6 na kutoa 6 ni mamoja. Lakini mchana na usiku vimeshapotea, na mtu anaweza kufika uwanjani jioni. Toa 6 siku zote. Ikienda chini ya moja, ongeza 24. 05:00 inakuwa 23. Kuanzia 1 hadi 12 ni mchana. 13 hadi 24 ni usiku, utoe 12: saa kumi na moja alfajiri. 17:00 inakuwa 11 moja kwa moja, saa kumi na moja jioni.

Sasa niwageukie vijana, maana hili nalipenda kuliko yote. Chukueni namba tasa yoyote kubwa kuliko 3. Izidisheni kwa yenyewe, mtoe 1. Jawabu linagawanyika kwa 24, daima. Tano: 25 toa 1, 24. Saba: 48. Kumi na moja: 120. Kumi na tatu: 168. Mwenye simu ajaribu 97: mraba wake ni 9,409, toa 1, ni 9,408, na hiyo ni 24 × 392.

Kwa nini? Mraba wa namba toa 1 ni sawa na kuzidisha jirani zake wawili: kwa 97, ni 96 × 98. Namba tasa hiyo ni witiri, haigawanyiki kwa 2, kwa hiyo jirani zake wote wawili ni shufwa, zinagawanyika kwa 2, na kati ya shufwa mbili zinazofuatana lazima moja igawanyike kwa 4. Hapo tumeshapata 2 × 4, yaani 8. Tena, katika namba tatu zinazofuatana lazima moja igawanyike kwa 3, nayo haiwezi kuwa namba tasa yenyewe, basi ni mmoja wa jirani. Nane mara tatu, imekamilika.

Lakini msiigeuze kinyumenyume. Mtu asije akasema, “Namba hii imepita mtihani wa 24, kwa hiyo ni tasa.” Mraba wa 25 ni 625, toa 1 ni 624, sawa na 24 × 26, na 25 si tasa hata kidogo. Hata 35 inapita. Ushahidi wetu haukutumia utasa wowote. Ulitumia tu kwamba namba haigawanyiki kwa 2 wala kwa 3.

Kutoka hapo kuna tunda ambalo wachache hulichuma. Chukueni namba yoyote iliyopungukiwa 1 tu ili igawanyike kwa 24: 23, 47, 71, 95, 119 na kuendelea. Jumlisheni vigawo vyake vyote. Jumla inagawanyika kwa 24. Vigawo vya 95 ni 1, 5, 19 na 95, jumla 120. Vya 119 ni 1, 7, 17 na 119, jumla 144. Siri ni kwamba vigawo vinakuja jozi, na kila jozi peke yake inagawanyika: 5 na 19 ni 24, 1 na 95 ni 96, 7 na 17 ni 24 tena. Tazameni jozi ya 5 na 19. Zidisheni 5 × 5 × 19. Ukiisoma kama 25 × 19, basi 25 inabakisha 1 kwa 24, kwa hiyo kitu kizima kinabakisha sawa na 19. Ukiisoma kama 5 × 95, basi 95 imepungua 1 kufikia kigawe cha 24, kwa hiyo kitu kizima kimepungua 5. Ni namba moja ile ile. Basi kuongeza 5 juu ya 19 kunaziba pengo. Hoja hiyo inafaa kwa jozi yoyote.

Twende sokoni. Muuza machungwa akipanga piramidi ya kitako cha mraba, juu chungwa 1, chini yake 4, kisha 9, kisha 16, ni lini atakuwa na idadi ambayo akiiteremsha chini inajaza mraba mmoja kamili? Swali hili, kwa risasi za mizinga badala ya machungwa, lilitolewa mwaka 1875 na Mfaransa Édouard Lucas. Jawabu: ngazi 24. Kanuni ni kuzidisha ngazi, ngazi jumlisha 1, na ngazi mara mbili jumlisha 1, kisha kugawanya kwa 6. 24 × 25 × 49 kwa 6 ni 4,900, ambayo ni 70 × 70. Ukiacha chungwa moja pekee, hakuna idadi nyingine ya ngazi inayokubali. Lucas alidai hivyo, lakini uthibitisho kamili ulisubiri hadi 1918, wa Mwingereza G. N. Watson. Jaribuni ngazi 23: machungwa 4,324, na mraba wa 65 ni 4,225, wa 66 ni 4,356. Haliingii.

Mtu anaweza kuuliza hiyo 70 ina faida gani. Wekeni sarafu moja mezani, mzizungushie nyingine za ukubwa ule ule ziiguse: zinaenea 6 barabara. Kwa mipira, badala ya sarafu, zinaenea 12. Wanasayansi Isaac Newton na David Gregory walijadiliana juu ya 12 na 13 mwaka 1694, na 12 ikathibitishwa 1953. Wanahisabati hawasimami kwenye vipimo vitatu vya urefu, upana na kimo. Katika vipimo vinne jawabu ni 24, na uthibitisho ulitolewa na Oleg Musin mwaka 2003. Katika vipimo 24, jawabu ni 196,560, kwa mpangilio alioutoa John Leech miaka ya 1960. Baadaye John Conway na Neil Sloane walionyesha kwamba mpangilio huo unaweza kujengwa kwa kutumia namba 0, 1, 2 hadi 24 pamoja na 70, yaani ile ile piramidi ya machungwa. Mwaka 2016 Maryna Viazovska wa Ukraine na wenzake wanne walithibitisha kwamba katika vipimo 24 hakuna njia ya kupanga mipira kwa msongamano zaidi ya huo. Mwaka 2022 Viazovska alipewa Nishani ya Fields.

Sisi wa Malindi vyombo vya angani si wageni kwetu. Hapo Ngomeni, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti iliyopewa jina Uhuru. Basi jueni jinsi picha zinavyofika salama kutoka mbali. Mwaka 1949 Marcel Golay alibuni msimbo ambao, ukiongezewa biti moja ya ukaguzi (biti ni tarakimu ya 0 au 1), una biti 24: 12 ni za ujumbe, na 12 ni za kulinda. Maneno yake yote ni 4,096, na maneno mawili yoyote yanatofautiana kwa nafasi zisizopungua 8. Vyombo vya Voyager viliutumia kuleta picha za rangi za Mshtarii na Zohali kati ya 1979 na 1981. Biti 3 zikiharibika njiani, mpokeaji anazirekebisha, kwa kuwa neno lililochafuka bado liko karibu na asili yake kuliko neno lingine lolote. Zikiharibika 4, linaweza kuwa katikati ya maneno mawili au zaidi, sawa kwa sawa. Mpokeaji anajua pana kosa, ila hawezi kusema lipi ndilo neno la kweli.

Ubao na chaki viko hapa mbele. Mwenye masala ya mirathi iliyomkwama, aje nayo na orodha ya warithi, bila majina, tuihesabu pamoja. Ahsanteni.